Hela Iliyofika Oktoba

Katika nyanda za juu za Kigoma, chakula humwishia mkulima maskini wakati uleule shamba linapomtaka awe na nguvu. Mvua za kwanza hunyesha Oktoba. Maharage ya msimu wa kwanza yanataka kuwahi ardhini, na mahindi yafuate kabla Novemba haijaisha. Lakini mahindi ya mwaka uliopita yamekwisha siku nyingi, na muhogo uliobaki shambani ni wa kuchimba shina mojamoja. Mwenye kaya hana budi kubeba jembe akalime kwa jirani mwenye akiba ili jioni apimiwe unga. Anaporudi kwake, mvua imeshamtangulia kwa wiki kadhaa. Anapanda kwa kuchelewa, anavuna kidogo, na Oktoba inayofuata inamkuta kwenye shamba la jirani yuleyule.

Nimezaliwa ndani ya mzunguko huo, Kasulu, upande wa Heru Juu, kisha ualimu ukanipeleka Kibondo nikauona tena kwa wazazi wa wanafunzi wangu. Nimewasikia watu wengi walioshiba wakisema kwamba maskini wa kijijini hana bidii. Sijui wamemwangalia mwezi gani. Kwa macho yangu, hakuna anayegusa jembe siku nyingi kwa mwaka kuliko yeye, ila nyingi ya siku hizo huwa ameziuza.

Nyumbani kwetu tuliziuza kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kibarua, baba na mama wakipimiwa kipande cha kulima kwa mwenye shamba, nasi watoto tukitangulia kuokota magugu ili kipande kiishe mapema. Ya pili ilikuwa kuuza maharage yangali shambani. Desemba, maharage yakiwa kwenye maua, alikuwa akipita mnunuzi mwenye fedha mkononi. Alikuwa hatukani wala halazimishi. Alitaja bei, ambayo kila mtu alijua ni ndogo mno kuliko ile ya Januari, kisha akanyamaza kusubiri njaa imsaidie kushawishi. Baba alikubali karibu kila mwaka. Januari ikifika tulivuna, tukapiga, tukapepeta, tukajaza magunia ambayo hayakuwa yetu, na lori likaja kuyachukua. Mama alisema mara moja, bila hasira, kwamba tumelima maharage ya watu kwenye shamba letu wenyewe. Sentensi hiyo imenifundisha uchumi kuliko kitabu chochote nilichosoma chuoni.

Nimeyaeleza hayo kwanza kwa sababu mjadala wa kuwapa maskini fedha mkononi mara nyingi huanzia kwenye hela zenyewe: ni ngapi, zitatumikaje, nani atazinywea pombe. Anayeanzia hapo hataelewa kilichotokea. Ni lazima aanzie kwenye kalenda ya kilimo.

Agosti 2012, Rais Jakaya Kikwete alizindua Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaosimamiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao kila mtu vijijini anaujua kwa jina la TASAF. Mfuko wenyewe ulikuwapo tangu mwaka 2000, lakini hapo awali ulijulikana zaidi kwa kujenga madarasa, zahanati na visima. Safari hii fedha zilikwenda kwenye kaya. Majaribio yalikuwa yamefanyika tangu 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, kwenye vijiji 80, nusu vikipata ruzuku na nusu vikiachwa kwa ajili ya kulinganisha. Watafiti walikuta kwamba kaya zilizopata zilijiunga zaidi na bima ya afya ya jamii, zilinunua viatu vya watoto, na zile zilizokuwa hoi zaidi ziliongeza mbuzi na kuku. Kufikia katikati ya muongo ule, mpango ulikuwa umezifikia kaya zipatazo milioni 1.1 nchi nzima.

Mwaka 2015 mpango huo ulifika kijijini kwa shangazi yangu, upande wa Kibondo. Shangazi alikuwa mjane anayelea wajukuu wawili waliokuwa shule ya msingi. Majina ya kaya zilizodhaniwa kuwa maskini kabisa yalipendekezwa na wanakijiji wenyewe, yakasomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kisha wakaja watu wa dodoso: nyumba imeezekwa kwa nini, mnalala wangapi, mnakula mara ngapi, mna redio. Jina lake likapita. Ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi. Kaya yenye mtoto iliongezewa 4,000. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi aliyehudhuria vizuri alileta 2,000. Malipo yalitolewa kila baada ya miezi miwili, kwa hiyo shangazi alitia mkononi shilingi 36,000 kwa mkupuo. Mtu wa mjini huenda akazimaliza kwa chakula cha mchana cha siku chache.

Malipo ya kwanza yalikwenda yote tumboni na dukani. Alilipa deni la chumvi na sabuni, akanunua unga, dagaa na daftari, zikaisha. Anayetaka kuona maendeleo angesikitika. Lakini kulipa deni la duka kulimrudishia kitu kikubwa. Mwenye duka alianza tena kumwamini, na mtu anayeaminika dukani ana siku kadhaa za kupumua kabla hajakimbilia jembe la kibarua.

Malipo yaliyobadilisha mambo ni yale yaliyoangukia Oktoba. Nilipokwenda kumsalimia likizo ya Desemba, nilikuta maharage yake yamesimama, safi, yamepaliliwa, wakati ya majirani wengi yalikuwa ndiyo kwanza yanachomoza. Nikamuuliza mbegu alipata wapi.

"Mbegu nilikuwa nayo siku zote, mwanangu. Kila mwaka nilikuwa naila."

"Na safari hii?"

"Safari hii nilinunua unga, nikaiacha mbegu. Nimelima kwangu kwanza."

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo hesabu za mbali haziwezi kulionyesha. Zile 36,000 hazikununua mbolea wala trekta. Zilinunua unga wa wiki chache katika wiki zenye thamani kuliko zote za mwaka, na kwa unga huo shangazi akabaki kwenye shamba lake. Desemba mnunuzi wa maharage ya maua alipopita, alimkaribisha kiti, akamwambia arudi Januari. Alirudi kweli, akakuta bei ya Januari inamsubiri. Shangazi hakuwa ametajirika. Alikuwa ameacha kuuza asichokuwa nacho bado.

Miaka iliyofuata niliona kuku wakiongezeka, kisha mbuzi jike mmoja, kisha bati, mbilimbili, zikilazwa chini ya kitanda zikisubiri nyingine. Alijiunga na kikundi cha kuweka na kukopa, akinunua hisa moja kila walipokutana. Hakuna aliyempangia mtiririko huo. Alianza na kuku kwa sababu huuzika hata siku ya mvua. Mbuzi alikuja baadaye kwa sababu hastahimili uzembe, na mjukuu mkubwa alikuwa ameshafikia umri wa kumchunga. Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtaalamu angeweza kumletea mbegu bora, au nguruwe, au mafunzo ya ushonaji, na kila kimoja kingekuwa kitu kizuri kwa kaya fulani. Kwa kaya ile, mwaka ule, kilichohitajika kilikuwa unga wa Oktoba, na aliyelijua hilo alikuwa mmoja tu.

Kama mwalimu nilikuwa pia upande wa masharti. Sehemu ya ruzuku ilitolewa bila sharti, na sehemu ilifungwa kwenye mahudhurio ya mtoto shuleni na kliniki. Shuleni tulijaza fomu, mtoto akitakiwa kuhudhuria angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Nililiangalia jambo hili kwa karibu kwa sababu lilihusu wanafunzi niliowafundisha. Watoto wa kaya zile walianza kuja kwa wingi zaidi, na walikaa darasani mpaka kengele ya mwisho. Lakini nilipowauliza nyumbani kwao kilichobadilika, sikuwahi kutajiwa fomu. Nilitajiwa uji wa asubuhi, sare, na kwamba siku hizi hawaendi kibarua na mama zao. Januari 2016 serikali ilifuta ada na michango, na hilo likasaidia sana, ila daftari, kalamu na sare vilibaki kwa mzazi. Mama wa Kibondo alitaka mtoto wake asome kabla ya fomu yoyote kuchapishwa. Alichokosa kilikuwa namna.

Ndiyo maana naamini kwamba sharti lina kazi ndogo kuliko tunavyolipa sifa. Kaya inayoshindwa kumpeleka mtoto shule mwezi fulani mara nyingi ni ile iliyopatwa na ugonjwa au msiba mwezi huohuo. Ukiikatia fedha, umeinyima mkono wakati inapoanguka. Sehemu ya msingi, ile ya 10,000 iliyofika hata mambo yalipoharibika, ndiyo iliyomfanya shangazi athubutu kupanga. Mtu hupanga juu ya kitu anachojua kitafika.

Kuhusu pombe nitasema waziwazi, maana ndilo neno la kwanza kwenye kila kijiwe. Walevi wapo, na wapo waliokunywa ruzuku. Pombe ya ndizi iliyokuwa ikinyweka kabla ya TASAF iliendelea kunyweka. Lakini anayedai kwamba fedha za maskini huishia kilabuni anapaswa kueleza kuku, bati na sare vimetoka wapi. Watafiti David Evans na Anna Popova walichambua tafiti 19 kutoka nchi nyingi kuhusu swali hilihili, wakachapisha majibu yao mwaka 2017: kwa jumla, ruzuku za fedha haziongezi matumizi ya pombe na tumbaku. Rarieda, upande wa Siaya nchini Kenya, ambako shirika la GiveDirectly liligawa fedha bila sharti lolote, Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walikuta vivyo hivyo. Walikuta pia kwamba waliopewa kidogokidogo kila mwezi waliboresha zaidi chakula, na waliopewa kwa mkupuo mkubwa walinunua zaidi vitu vya kudumu, kama mabati. Shangazi hakuwahi kusikia habari za Rarieda, lakini alikuwa akiufanya utafiti huo kwa mikono yake. Malipo ya kawaida aliyaelekeza jikoni, na mgao wa kikundi mwisho wa mwaka akauelekeza kwenye paa.

Swali la haki ni zito zaidi kuliko la pombe. Jirani wa shangazi, naye mjane, alikosa. Nyumba yake ilikuwa na bati alilojengewa na mwanawe kabla hajafariki, na kwenye dodoso bati ni bati. Kwa miezi mingi wanawake hao wawili, waliozoea kupokezana chumvi na moto, walisalimiana kwa mbali. Kilichowarudisha pamoja hakikuwa kikao. Shangazi alipovuna maharage yake ya kwanza yasiyokuwa na mdai, alimpelekea bakuli la mbegu. Msimu uliofuata alimwita wapalilie pamoja na akamlipa. Mtu aliyekuwa akiuza kibarua sasa alikuwa ananunua, japo kwa siku chache tu.

Kitendo hicho kidogo kina ukubwa wake kinapojumlishwa. Hukohuko Siaya, Dennis Egger na wenzake walifuatilia vijiji 653 baada ya kaya zaidi ya 10,500 kupewa takriban dola 1,000 kila moja, na utafiti wao wa mwaka 2022 ukaonyesha kwamba kila dola iliyotolewa ilizungushwa mpaka ikazalisha shughuli za uchumi za karibu dola mbili na nusu, huku bei zikipanda kwa kiasi kidogo mno. Waliokosa nao walifaidika, kwa sababu waliopata walinunua kwao na kuwaajiri.

Sisi wa Kasulu hatukuhitaji kwenda Siaya kuliona hilo. Desemba 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwapa baadhi ya wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu fedha badala ya mgao wa unga na mafuta. Mkimbizi mwenye fedha hununua anachokipenda, na alichokipenda Mkongo na Mrundi kilikuwa kwenye mashamba yetu: ndizi, maharage mabichi, mihogo, mboga, na dagaa wa ziwani. Akina mama wa vijiji vya jirani walianza kupanga safari zao kwa siku za malipo ya kambini. Mwaka 2017 serikali iliusitisha mpango huo, na mgao wa chakula ukarudi. Sina haja ya kujadili hapa mambo ya usalama na siasa za ukimbizi. Nasema tu kwamba kwa miezi ile michache tuliona kilo ya maharage ya mkulima mdogo ikipata mnunuzi bila lori wala dalali, na kilichomleta mnunuzi huyo kilikuwa hela mkononi mwa mtu mwenye njaa.

Fedha haziponyi kila kitu, na anayezitetea kwa dhati lazima aseme hivyo. Mihogo yetu imeshambuliwa na magonjwa ya batobato kali na michirizi ya kahawia, na hakuna ruzuku inayoponya mche mgonjwa. Hapo anatakiwa bwana shamba na mbegu safi. Udongo uliochoka hauamki kwa noti, na zahanati isiyo na dawa haibadilishwi na mama mwenye elfu kumi. Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo, na kila bei ilipopanda kilizidi kuwa kidogo. Tena katika kipindi cha kwanza mpango uligusa kama asilimia 70 tu ya vijiji, mitaa na shehia. Kipindi cha pili, kilichozinduliwa Februari 2020 na Rais John Magufuli, ndicho kilichokusudia kuzifikia sehemu zilizobaki.

Hata hivyo nimejifunza kupima mafanikio kwa namna nyingine. Mwaka mmoja mjukuu mdogo aliugua vibaya akalazwa. Shangazi aliuza mbuzi wake, na mwanambuzi juu yake. Mpita njia angesema kaya imerudi nyuma: zizi tupu, bati bado ziko chini ya kitanda. Lakini mimi nakumbuka ugonjwa wa baba yangu, wakati hatukuwa na mbuzi, na kilichouzwa kilikuwa nusu ya shamba la bondeni, ambalo halikurudi kwetu tena. Yule mbuzi aliiokoa ardhi. Mtoto akapona, shamba likabaki zima, na msimu ukaendelea. Nikitaka kujua kama ruzuku imefanya kazi, sihesabu mifugo. Nauliza kaya ilipopigwa na tatizo ilipoteza kitu kinachorudi au kisichorudi.

Wapo wanaoona aibu katika kupewa. Wanasema inazoesha watu kunyoosha mkono. Waha tumewahi kujua zawadi yenye kamba. Enzi za wami, watawala wetu wa Heru na Muhambwe, kulikuwa na ubugabire: mwenye ng'ombe alimpa mtu ng'ombe, na aliyepokea akawa mtu wake, kwa heshima na kwa kazi. Ng'ombe alileta maziwa na mbolea, na kaya nyingi ziliinuka kwa njia hiyo, lakini mfungwa alikuwa ni mpokeaji. Ruzuku isiyo na sharti inampa mpokeaji maziwa bila kamba, na kwa hiyo haimwondolei utu wake. Sijamwona shangazi akimpigia mtu magoti kwa ajili ya zile 36,000. Nimemwona akimnyima mnunuzi maharage yake.

Na tukiulizana nani amezoea kupokea bila kutoa, tukumbuke historia. Wakati wa ukoloni mkoa huu ulifanywa ghala la nguvu kazi. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa miongo mingi vijana wa Buha, nchi ya Waha, waliondoka nayo kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga kama manamba, wakijaziwa kipande, kadi ya kazi ya siku thelathini, huku mashamba ya huku yakibaki kwa wake na wazee. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Mwaka 1972 ikaja operesheni ya kuhamishia watu vijijini, na familia zikaanza upya mbali na migomba yao. Kisha kwa miaka mingi vilima hivi vimepokea Warundi na Wakongo waliokimbia vita, vikagawana nao kuni, maji na ardhi. Kwa watu waliotoa kiasi hicho, elfu kumi kwa mwezi ilikuwa sehemu ndogo sana ya wanachostahili.

Kwa hiyo ninachokiomba kwa wanaopanga fedha hizi ni vitu vitatu, na vyote nimevijifunza kwenye uwanja wa shangazi. Malipo yawe na tarehe inayojulikana, na yale makubwa zaidi yawekwe Septemba, kabla ya mvua, kwa sababu unga uleule ukifika Februari unashibisha tu, lakini ukifika kabla ya kupanda unashibisha na kulimisha. Sehemu isiyo na sharti ikue kuliko yenye sharti, ili kaya isipoteze ngazi siku inayoihitaji. Na tusiharakishe kuziambia kaya kwamba zimehitimu na zitoke kwenye mpango kwa sababu tumeona bati na mbuzi, maana vitu hivyo ndivyo vinavyobeba kishindo cha mwaka mbaya, na mwaka mbaya haujawahi kukosa kuja.

Mjukuu mkubwa sasa yuko sekondari. Ana hesabu nzuri, na anataka kuwa bwana shamba. Sijui kama atafika, kwa sababu njia ni ndefu na ada za mbele ni nzito. Ila najua kwamba hakuvuta jembe la kibarua akiwa darasa la nne kama nilivyovuta mimi, na hilo limewezekana kwa sababu nchi yake ilimwamini bibi yake kwa hela ndogo bila kumwambia azifanyie nini.